Rehani Isiyochukua Uhai wa Ndugu



Ndugu akikuomba umkopeshe riyali 2,000 za ada ya mtoto nyumbani, una haki ya kushika nini chake mpaka alipe? Hapa Riyadh na Jeddah wapo wanaojibu: pasipoti, au kadi ya benki pamoja na namba ya siri.

Sheria ya biashara ya Wayahudi ililitazama swali hili zamani. Kumbukumbu la Torati 24 inaruhusu rehani, lakini inaiwekea mipaka. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Mstari wa 10 na 11 unamtaka mkopeshaji asubiri nje, mdaiwa amletee rehani mwenyewe. Mstari wa 12 na 13 unaagiza vazi la maskini lirudishwe jua linapotua, apate cha kujifunika.

Walimu wa Kiyahudi waliendelea kutafakari. Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa mnamo mwaka 200 B.K., inasema katazo la jiwe linagusa kila chombo cha kuandalia chakula. Inaongeza kwamba mto wa kulalia urudishwe usiku, na plau irudishwe mchana. Rehani ya kwenda na kurudi hivyo ina faida gani? Inamkumbusha mdaiwa deni lake, lakini haimnyimi usingizi wala kazi.

Je, jiwe letu la kusagia ni lipi? Ni kadi inayopokea mshahara: aliyeitoa anangoja mwenzake achukue kwanza, ndipo yeye apate hela ya chakula. Ni pasipoti: akifiwa na mama, hawezi kwenda kumzika. Tunalia mwajiri anaposhika pasipoti ya mfanyakazi, na sheria ya Saudia inamkataza. Tutafanyianaje hivyo sisi kwa sisi?

Utasema, "Wengine hukopa, kisha huondoka nchini bila kuaga." Ni kweli, na fedha ya mkopeshaji nayo ni jasho. Torati haifuti deni hapa; dawa ya deni ni kulipa. Basi tuandikiane, tutie sahihi mbele ya mashahidi wawili, tugawe malipo kwa miezi. Anayekwama aseme kabla ya siku kufika, asizime simu. Na anayekopesha atoe kiasi ambacho hata kikipotea hatamchukia ndugu yake.

Sisi wauguzi twajua kwamba bandeji ikikazwa mno huzuia damu, na kidole ulichotaka kukiponya kinakufa. Hata dhamana ikikazwa mno humuua yule uliyetaka kumsaidia.

Kama sandukuni mwako kuna pasipoti ya mwenzako, mrudishie wiki hii. Deni libaki kwenye karatasi, naye abaki mtu huru.

Mungu awabariki. Amina.