Mshale Ni wa Nani?

Kazi yangu ni kuchora kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona chote. Mifumo ya kompyuta ya taasisi kubwa huwezi kuizunguka kwa miguu ukaihesabu. Mmoja anaujua wa mishahara, mwingine wa manunuzi, wa tatu wa malipo. Mimi ninayepanga visanduku na mishale kwenye skrini siujui hata mmoja kama anavyoujua mwenyewe. Basi mchoro wangu ni elimu, au ni uvumi uliopangwa vizuri?

Swali hilo ni la kale, ila tangu Serikali ihamie Dodoma limekuwa la ofisini. Kila kikao tunaambiwa mifumo isomane. Ipo GePG inayotoa namba za malipo, ipo MUSE ya ulipaji wa Serikali, ipo NeST iliyochukua nafasi ya TANePS kwenye manunuzi mwaka 2023, na GovESB inapitisha taarifa kati ya taasisi na taasisi. Ukitaka isomane, sharti kwanza ujue upi unazungumza na upi, na hapo ndipo michoro ya kila mtu inapotakiwa kukutana kwenye hazina moja ya kuhifadhia.

Watu hudhani ugumu uko kwenye programu. Archi ya kuchorea inapatikana bure, lugha ya michoro ya ArchiMate hufundishika, na Git, aliyoiunda Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Kinachotushinda ni kuamua tumwamini nani.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, na madrasa niliisoma kabla ya kompyuta. Wanazuoni wa hadithi wa karne ya tatu Hijria walikuwa na shida kama yetu: habari nyingi, za miji mingi, juu ya Mtume ambaye hawakumwona. Hawakuridhika na habari kwa sababu tu inapendeza. Waliuliza isnadi: nani kakwambia, naye kapokea kwa nani, na je, hao wawili walikutana? Al-Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alipata sifa kwa ukali wake katika hilo. Pakatungwa vitabu vizima vya kuwachunguza wapokezi tu. Na nyingi katika zile zilizoonekana dhaifu hazikufutwa. Zilitajwa kuwa dhaifu, zikabaki zinasomwa kwa tahadhari.

Nenda sasa kwenye hazina yoyote ya michoro uulize kisanduku isnadi yake.

Katika taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, mchoro mmoja maridadi ulionyesha mfumo wa watumishi ukipeleka taarifa moja kwa moja kwenye mfumo wa hesabu. Mipango ya mwaka ikajengwa juu ya mshale huo. Kijana wa chumba cha seva alipoonyeshwa alicheka kwa adabu.

"Dada, huu ulishakatwa zamani. Kuna mama wa uhasibu anapakia faili la Excel kila mwisho wa mwezi."

"Aliyechora nani?"

"Mshauri. Alishaondoka."

Kilichonishtua ni kwamba visanduku vyote viwili vilikuwa na wenyewe, tena wakali: kila mkurugenzi angekipigania chake. Mshale haukuwa na mtu. Ndivyo tunavyozipanga hazina zetu, folda kwa folda, idara kwa idara, na kilichoko katikati kinakosa folda. Kumbe mshale ndio uliobeba jambo lote. Kisanduku kinasema kitu kipo. Mshale unasema mtu fulani amemwahidi mwenzake kitu fulani. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, na mashahidi wawepo. Kwa hiyo nadai kila mshale uwe na saini mbili, ya anayetoa na ya anayepokea, na tarehe. Usio nazo unachorwa kwa nukta nukta. Hatuufuti.

Wakubwa hawalipendi hilo. Wanataka picha moja kubwa, safi, ya kubandika ukutani. Jirani yangu hapa Area D, mwinjilisti wa Kianglikana, ndiye aliyenipa hoja ya kuwajibu. Katika karne ya pili, Tatiano aliziunganisha Injili nne kuwa simulizi moja, na makanisa ya Washami yaliitumia kwa muda mrefu. Hatimaye, karne ya tano, yakarudi kwenye nne, pamoja na tofauti zake. Vivyo hivyo, mfumo mmoja ukihesabu watumishi kwa waliolipwa na mwingine kwa walioripoti kazini, hesabu zitapishana na zote mbili zitakuwa kweli. Ukizilainisha ziwe moja umelifuta swali ambalo mkaguzi angeliuliza.

Lakini majina sharti yawe mamoja. Hapo nipo na Khalifa Uthman, aliyekusanya watu kwenye msahafu mmoja. Ikiwa mtumishi huku anajulikana kwa cheki namba ya utumishi na kule kwa namba ya kitambulisho ya NIDA, na hakuna palipoandikwa kwamba ni yuleyule, mashahidi wetu wanaongelea watu wawili.

Halafu kuna michoro ya matumaini, nayo isikae rafu moja na ya ushahidi. Mpango mkuu wa Dodoma wa mwaka 1976 hauwezi kuitwa wa uongo, maana ulikuwa unaomba mji, hauutolei habari. Lakini hakuna dereva wa bodaboda anayeufuata kumleta abiria Area D.

Kimebaki kitu ambacho kanuni yangu haikijibu. Pembeni mwa michoro yetu karibu yote amesimama mtu wa vistari: mwananchi. Kutoka kwake inatoka mishale: jina, alama za vidole, simu. Upande wa taasisi saini ipo. Upande wake, nani anatia? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtambua kuwa mwenye haki juu ya taarifa zake, lakini yeye hajawahi kuuona mchoro aliochorwa ndani yake. Kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, mishale yake yote ilipaswa kuwa ya nukta nukta. Nimeshaanza kuibadilisha mishale hiyo, na mkuu wangu ameniita Jumatatu nieleze kwa nini.