Kabla ya kumlaumu 'chuma ulete', tuandike matumizi yetu

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, katika mabaraza yetu ya kahawa hapa Dar es Salaam, ikifika katikati ya mwezi malalamiko huwa ni yale yale. Mtu amepokea mshahara, au biashara yake imekwenda vizuri, lakini wiki mbili baadaye mfuko mtupu. Ukimuuliza zimekwenda wapi, hajui. Wapo wanaosema fedha zao hazina baraka. Wapo pia wanaodai wamechezewa 'chuma ulete', yaani kuna mtu anazivuta fedha zao kwa ushirikina.

Sikatai kuwepo kwa uchawi, maana Qur'an yenyewe imeutaja (2:102). Lakini najiuliza: huyu anayedai fedha zake zimevutwa, ameandika wapi zile alizotumia? Asiyejua ametumia ngapi hawezi kujua zimepotea ngapi. Baadhi yao huishia kwa mganga, ilhali Mtume (SAW) ametuonya, katika hadithi iliyopokelewa na Imam Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi kwa siku arobaini. Na ada ya mganga nayo haiandikwi popote!

Hebu tupige hesabu. Chukua mtu anayetumia Sh. 2,000 kila siku kwa vitu ambavyo havihesabu kuwa ni matumizi: vitumbua, soda, bando la simu, bodaboda ya mahali ambapo angetembea. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni Sh. 60,000. Kwa miezi 12 ni Sh. 720,000. Kama chumba chake ni Sh. 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, fedha hizo zinalipa kodi hiyo na Sh. 120,000 zinabaki. Hapo hakuna jini. Kuna mkono wake mwenyewe.

Simwambii mtu asile kitumbua. Allah (SW) ametuhalalishia vizuri, na katika Suratul Furqan (25:67) amewasifu waja wake kuwa ni wale ambao wanapotoa hawafanyi israfu wala ubahili, bali huwa katikati. Nasema tu kwamba katikati haijulikani bila kipimo. Mtu atajuaje kama amevuka mpaka wakati hakuweka mpaka?

Dini yetu ni dini ya kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandikiana madeni, na ndani yake tumekatazwa kuchoka kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Khalifa Umar bin Khattab (RA) alianzisha diwani, madaftari ya kuandikia mali ya umma na wanaostahiki kulipwa. Na Mtume (SAW) ametufahamisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, kwamba miongoni mwa mambo atakayoulizwa mja Siku ya Kiyama ni mali yake: aliichuma vipi na aliitumia katika nini. Swali la kwanza tunalihubiri sana misikitini. Hili la pili tunalipita haraka.

Wapo watakaosema, "Rizki anayo Mwenyezi Mungu, bajeti ni mambo ya watu wasio na tawakkul." Basi na wasome Surat Yusuf (12:47-48), waone jinsi Nabii Yusuf (AS) alivyoelekeza mavuno ya miaka saba ya neema yawekwe akiba kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Umar (RA) kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Nani ana tawakkul kuliko yeye?

Waislamu wenzangu, jambo hili nalisemea kwa uchungu kwa sababu ya mlango unaofunguka pale hesabu inapokosekana. Mlango huo ni riba. Kodi ya miezi sita haiji ghafla, ada ya shule ya Januari haiji ghafla, na Ramadhani na Idi zimo katika kalenda. Lakini kwa asiyejiandaa, yote huwa dharura. Siku hizi mkopo uko ndani ya simu, na mitaani wapo wakopeshaji ambao watu wamewabatiza jina la 'kausha damu'. Tuseme mtu amekopa Sh. 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mshahara ukitoka, Sh. 260,000 zinakwenda kwa mkopeshaji, na mwezi mpya unaanza na pengo kubwa kuliko la mwanzo. Atakopa tena. Hivi ndivyo Muislamu anayesali sala tano anavyojikuta ndani ya jambo ambalo Allah (SW) amelitangazia vita (2:279).

Hata deni lisilo na riba si jambo jepesi. Mtume (SAW) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu wala hakuacha kitu, akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada (RA) alipojitwika deni lile.

Tufanye nini? Tununue daftari. Kila usiku, kabla ya kulala, tuandike kilichotoka, hata Sh. 200 ya karanga na makato ya kutuma fedha kwa simu. Mwezi wa kwanza tuandike tu, bila kubadili kitu, ili tuujue ukweli. Mwezi wa pili tugawe kabla ya kutumia: nafaka ya familia, ambayo ni wajibu wa mume, sehemu ya kodi ya kila mwezi, madeni, ada, michango, akiba. Sadaka nayo ipewe mstari wake, isingoje mabaki. Mfanyabiashara atenganishe fedha ya duka na ya nyumbani, vinginevyo atajuaje kama mali yake imefikia nisabu ya zaka?

Na tukae na wake zetu katika hesabu hiyo. Wapo waume wanaoficha mshahara kisha wakalaumu kwamba sukari inaisha haraka. Mama anayekwenda sokoni kila siku anajua bei ya nyanya kuliko sisi. Bajeti iliyopangwa na mmoja huvunjwa na wawili.

Tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Daftari ambalo leo tunaona uzito kulifungua ni dogo mno mbele ya lile tutakalokabidhiwa kesho. Allah (SW) atupe rizki ya halali, aibariki, na atuepushe na riba na mzigo wa madeni. Amin.