Kisu Kikali na Kisu Ghali

Ndugu msomaji, kisu ni katika vyombo vya mwanzo alivyovishika mwanadamu, na hakuna nyumba isiyokuwa nacho. Twachinjia, twapalia samaki, na zamani tukichongea kalamu za chuoni. Kwa hivyo huenda ukastaajabu kusikia kuwa wako watu, khasa Ulaya na Marekani, wanaobishana usiku kucha juu ya visu vya kukunja, vile vya kutia mfukoni: kipi kilicho bora, na je, ubora huo wastahili bei yake? Mimi siuoni ubishi huu kuwa ni upuuzi. Ndani yake mna suala linalotuhusu sote, nalo ni hili: thamani ya kitu imo katika kitu chenyewe, au katika kazi kinayoifanya, au katika macho ya watu?

Natuchukue visu viwili vinavyojulikana. Cha kwanza ni Opinel cha Ufaransa. Joseph Opinel alikianza katika milima ya Savoie karibu na mwaka 1890, kisu cha mkulima na mchungaji. Mpini wake ni wa mti, ubapa wake ni mwembamba, haufiki milimita 2, na tangu mwaka 1955 kimetiwa pete ya chuma shingoni, inayozungushwa ili kisu kisijikunje kikakata vidole vya mwenyewe. Basi, ni hivyo tu. Cha pili ni Sebenza. Mtungaji wake, Chris Reeve, ni mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989, na karakana yenye jina lake iko Boise katika jimbo la Idaho. Jina la kisu amelitoa katika Kizulu, na maana yake ni kazi. Mpini ni wa titani, na kipande cha mpini huohuo ndicho kinachojipinda ndani kikawa komeo la kuuzuia ubapa. Bei yake yapita dola 400. Kwa fedha hiyo mtu hununua Opinel ishirini.

Wanaokitetea kisu cha pili wana hoja, na insafu ni kuzisikiliza. Wao hutaja kwanza feleji yake. Kwa miaka mingi kilitiwa feleji iitwayo S30V, iliyotokea mwaka 2001, na Reeve mwenyewe alishauriana na waliyoitunga. Katika kila sehemu 100 mna kromi 14 na vanadi 4. Chuma huyeyushwa, hupulizwa kwa gesi mpaka kikawa unga, kisha unga hushindiliwa kwa moto ukawa kitu kimoja. Ile vanadi hufanya chembe ndogo zilizo ngumu kabisa, na kwa sababu hiyo makali hukaa muda mrefu. Lakini neema hii ina upande wake wa pili. Chembe hizo ni ngumu kuliko kinoo cha kawaida, na makali yakishaisha, utanoa jasho likutoke. Wataka kinoo cha almasi. Opinel ya chuma cha kaboni hushika kutu usipoifuta, na makali yake huisha upesi, bali kuyarudisha ni kazi ya dakika chache, hata chini ya kikombe cha udongo. Tena ubapa mwembamba hupenya kitunguu na embe vizuri kuliko ubapa wa milimita 3, hata vikinolewa sawasawa. Wahenga waliposema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema kikali, hawakusema ghali.

Je, basi aliyetoa dola 400 ni mpumbavu? Hapana, msomaji, usihukumu upesi. Bei ni kifungu cha mambo mengi yaliyofungwa kamba moja. Mna chuma, mna ujira wa mikono iliyosugua na kupima mpaka ubapa ukafunguka kama mlango wa nyumba mpya, mna ahadi ya fundi kukirekebisha kikirudi. Kulipia haya ni kumlipa mtu haki yake. Dini yetu haikuuona ufundi kuwa ni anasa: mwenye kuchinja ameamrishwa akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama, na amri hiyo imefungamanishwa na wema katika kila jambo. Lakini ndani ya kifungu hichohicho hutiwa pia uchache wa makusudi, yaani kutengeneza vichache ili wengine wakose, na hutiwa fahari ya jina. Anayelipia hayo hakununua kisu. Amenunua kukosa kwa jirani yake.

Kijana mmoja niliyemsomesha, ambaye leo ni baharia, aliniuliza kama kununua kisu cha namna hii ni israfu. Nilimwambia bei peke yake haitoshi kunipa jibu. Nikamuuliza: utakitumia? Akacheka, akasema rafiki zake wengi melini wanavyo, na hawavitumii kwa kuogopa visije vikachubuka. Hapo ndipo penye ila. Kisu kinachoitwa kazi, kimelazwa katika kitambaa! Nilimwambia kama anakata kamba kila siku, na mama yake amekwisha kupelekewa cha mwezi, na hana deni, na anunue bila kuona haya. Kwani kununua kibovu mara kumi pia ni kupoteza mali, na hakuna anayekukemea kwa sababu wapoteza kidogo kidogo.

Liko jambo jingine ambalo wakusanyaji hawalitaji. Kisu cha matumizi ya mtu mwenyewe hakina zaka, kiwe cha dola 10 au 1,000. Lakini aliyekinunua kwa nia ya kukiuza kikipanda bei, hicho ni bidhaa ya biashara, na mwaka ukitimia na nisabu ikifika, atakithamini kwa bei ya soko na kutoa sehemu moja katika arubaini. Wako wanaomwambia mke, “hii ni biashara,” na zaka ikifika wakasema, “hiki ni cha kukatia matunda.” Nia ni moja tu, ile aliyokuwa nayo siku aliyotoa fedha.