Eti Nipuuze

Shemeji yangu ni mtu mwema, ndiyo maana hoja yake imeniudhi kuliko ambavyo ingeniudhi ikitoka kwa mpumbavu. Juma lililopita, kituoni Mbagala Rangi Tatu, mwanamume nisiyemjua, shati limenyooshwa, kitambulisho cha kazi shingoni, alinipiga kumbo mlangoni mwa daladala kisha akanigeukia: "Limama zima, halina macho?" Hakuwa konda wala mpiga debe, ambao ndio tumezoea kuwabebesha lawama zote za mjini. Alikuwa abiria mwenzangu. Jioni nikasimulia nyumbani, shemeji akacheka kwa upole. "Sasa shemeji, mtu hakujui, humjui, unajipa presha ya nini? Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Puuza."

Uadui wa mtu baki ni nini, sitakawia hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, inagusa lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Mengine, jicho kali, kumbo, msonyo, kila apandaye daladala anayajua. Kinachonikosesha usingizi ni huo ushauri.

Una wazee wake, nakubali. Epictetus, Mstoa aliyezaliwa mtumwa Hierapolis, katika Uturuki ya leo, aliwauliza wanafunzi wake: ukisimama mbele ya jiwe ukalitukana, utavuna nini? Basi anayetukanwa na awe kama jiwe, mtukanaji atachoka. Namheshimu sana. Mtumwa akijibu huchapwa, na kujifanya jiwe kulimlinda yeye katika kitu pekee ambacho bwana hakukinunua. Lakini shemeji si mtumwa. Ana kimo, ana mabega, na sijapata kusikia mtu akimwita lijibaba mlangoni mwa gari. Falsafa iliyotungwa na asiyekuwa na la kufanya, leo inahubiriwa na asiyefanywa kitu.

Wanasema uadui huu ni wa bahati mbaya, hauchagui. Unachagua! Yule bwana alimpita askari aliyesimama mbele yangu, tena kwa "samahani afande". Wanaoangukiwa ni mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi wa nauli pungufu, mtu mwenye ualbino, mgeni anayeuliza gari la Gongo la Mboto liko wapi. Hasira inayojua kumkwepa afande haiwezi kuitwa hasira iliyompanda mtu kichwani. Imepiga hesabu.

Na chura, kwa taarifa ya shemeji, hampigi ng'ombe kumbo kisimani.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloniwasha zaidi. Mwaka 1962 Mwingereza P. F. Strawson alitoa mhadhara kuhusu uhuru na kinyongo. Kwa kifupi, alisema kumkasirikia aliyekudhulumu ni sehemu ya kumchukulia kuwa mtu, mwenye nia, anayeweza kudaiwa. Tunaoacha kuwakasirikia ni mtoto mchanga na aliyepotewa na akili. Hao tunawatunza au tunawakwepa, hatuwadai. Sasa upime wema wa shemeji kwa mizani hiyo. Ananitaka nimwondoe yule bwana katika hesabu ya watu, nimweke pamoja na matope ya Machi. Yeye anauita huo ni ustaarabu. Mimi nauona ni dharau kubwa kuliko tusi lenyewe, ila tu dharau hii haina sauti. Nilipochukia pale mlangoni nilimpa heshima ya mwisho aliyobakiwa nayo: nilimhesabu kuwa mtu aliyepaswa kujua zaidi.

Tena ushauri huu haukomi kwangu. Abiria walioona nao walipuuza. Mmoja akacheka, wengine wakainamia simu. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya video kusambaa ikimwonyesha mwenzao akivuliwa nguo kituoni, katikati ya watu, mchana. Sisemi kumbo langu linalingana na unyama ule. Nasema umati unaotazama bila kutia neno haupatikani kwa siku moja. Umefundwa, na somo lake la kwanza ni lile alilonipa shemeji sebuleni.

Najua, pengine yule bwana alikuwa ametoka kufiwa. Najua pia kwamba jiji letu lenye watu zaidi ya milioni tano, kwa sensa ya 2022, haliwezi kuendeshwa kwa kusalimiana.

Ila tusidhani watu wa huku hawakuwahi kulifikiria jambo hili. Walilifikiria, wakatunga utani. Bibi yangu alikuwa Mnyamwezi aliyezeekea kwa Wazaramo, na msiba haukupita bila watani kuja kumwaga maneno ambayo, yangesemwa na mwingine, yangeleta rungu. Wanamwigiza marehemu jinsi alivyokuwa akitembea, wanazuia shughuli mpaka wapewe kitu, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19. Leo ni watani. Hata Yanga na Simba tunawaita watani wa jadi, na siku ya mechi yao mtu mwenye jezi nyekundu nisiyemjua anaweza kunizomea kutoka Temeke hadi Kariakoo, nami nikashuka garini nacheka. Ningeweza kueleza utani wa misibani hadi karatasi iishe. Bibi alinisimulia mengine ambayo mhariri hatayachapisha. Lakini angalia masharti yake. Mtani ana jina la kundi lake, ana mpaka asiouvuka, na kesho zamu ni yako. Tusi linakwenda na kurudi. La Rangi Tatu lilikwenda tu.

Nilimweleza shemeji haya yote. Akanisikiliza, akamimina chai, akauliza: "Haya, ungemjibu nini? Na angekuzaba kibao?" Hapo alinibana. Sina jibu ambalo lingemdai yule bwana bila kunigharimu jino, na mwanamke anayepaza sauti kituoni huonekana ndiye mwenye fujo. Nikamwambia jibu halikuwa langu peke yangu, lilikuwa la gari zima. "Kwa hiyo gari lisimame?" Nikasema ndiyo. "Kila tusi?" Nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimechelewa kazini, na kama gari lingesimama kwa ajili ya tusi la mtu mwingine sijui ningekuwa upande gani. Shemeji anaona hapo mjadala uliisha. Mimi bado namdai: hajanieleza kwa nini gharama ya amani ya daladala ilipwe kila siku na walewale.