Kijito Kilipokauka



Twasoma katika 1 Wafalme 17 jinsi Nabii Eliya alivyokaa penye kijito cha Kerithi hata kijito kile kikakauka kwa kukosa mvua. Mungu hakukijaza tena, bali alimtuma Eliya aende Sarepta, kwa mjane aliyebakiwa na unga kidogo tu.

Hapa kwetu Ugogo, katika madimbwi na malambo madogo, yumo kiumbe anayeyajua mambo hayo, naye ni kobe wa majini. Mvua zetu huanza yapata Desemba na kwisha Aprili, kisha huja miezi ya jua tupu. Dimbwi likikauka samaki wengi hufa. Kobe huyu hupumua kwa mapafu, naye ana njia mbili. Ya kwanza ni kujifukia katika tope kabla halijawa gumu, akatulia humo bila kula mpaka mvua irudi. Ya pili ni kutembea nchi kavu kutafuta maji mengine.

Ukame ukizidi, wachanga hutangulia kufa, maana miili midogo hupoteza maji upesi. Majike waliokonda huweza kukosa kutaga mayai. Tena kobe huchukua miaka mingi kukomaa. Wakubwa wakifa, pengo lao halizibwi na mvua za mwaka mmoja.

Lakini tutazame tuyafanyayo sisi. Dimbwi likikauka, twachimba udongo wa matofali palepale alipolala. Twalima mpaka katikati. Na dimbwi la pili, ambalo angeliendea, tumekwisha kulifukia. Ukame umemfungia mlango mmoja. Sisi twamfungia uliobaki.

Wanadamu wenzetu nao twawatenda vivyo hivyo. Mwaka wa njaa jirani hutoa shamba lake kwa madebe machache ya mahindi, nasi tulio na akiba twaona tumepata bahati. Mvua zikirudi, atalima wapi? Mjane wa Sarepta hakufanya biashara na njaa ya Eliya, bali alimgawia kile alichokuwa nacho.

Basi tuazimie mambo mawili. Tope la dimbwi tuliache, limngojee mwenyewe. Na shamba la mwenye njaa tusilinunue. Tumkopeshe unga, arudishe baada ya mavuno.

Mungu aliyempa kobe subira atujalie sisi huruma. Amina.