Piga Hodi Ukutani Kwanza

Usiku mmoja marumaru tatu zilibanduka bafuni kwangu, zikavunjikia ndani ya hodhi la kuogea. Asubuhi niliokota kipande, nikakigeuza. Gundi ilikuwa bado imeing'ang'ania marumaru. Juu ya gundi hiyo palikuwa na ngozi nyembamba ya rangi ya bluu, imebanduka ukutani kama ganda la kitunguu. Gundi haikuwa na kosa. Kwa haraka zetu tulibandika juu ya rangi, na rangi ndiyo iliyoachia.

Ndugu yangu unayejenga, nawe fundi unayeshika mwiko: marumaru haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yake ni ya ukuta inaoushika.

Basi kabla hujafungua hata boksi moja, piga hodi. Shika mwiko, gonga ukuta kwa mpini wake kuanzia juu hadi kwenye ukingo wa hodhi. Panapolia kwa sauti kavu, pameshika. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na tofali; chukua tindo na nyundo, ibomoe bila huruma. Rangi ikwangue yote. Ukuta uliopigwa niru ukawa laini, udonoe ili gundi ipate pa kushika. Kisha nyunyiza maji. Ukuta ukiyanywa, vema. Yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, bado una kazi.

Weka ubao ulionyooka wa mita 2. Ukiona mwanya unaozidi milimita 3, sawazisha sasa, usingoje kuuficha kwa gundi nene. Lipu mpya imwagilie maji siku 7, kisha iache ikauke. Mabomba yajaribiwe kwa presha kabla hayajafunikwa.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka ili kuokoa pesa. Maungio ya marumaru hupitisha maji polepole. Kinachoulinda ukuta ni dawa ya kuzuia maji: ipake mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na uweke kitambaa cha kuimarisha kwenye pembe na pale ukuta unapokutana na hodhi. Jipsam usiipe nafasi hapo; hunywa maji ikalainika.

Najua watapita watu waseme, "Wiki nzima hata marumaru moja hamjabandika?" Waacheni waseme. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bafuni hilo si fumbo. Mimi ukuta ule niliujenga mara mbili, nikanunua marumaru mara mbili, nikalipa ufundi mara mbili.

Kesho asubuhi ingia bafuni na mwiko wako. Gonga. Sikiliza. Ukuta ukikwambia bado, usibandike.