Andalio la Siku Nyumbani



Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kuwafunza vijana ualimu chuoni. Jambo la kwanza tulilowasisitizia ni hili: mwalimu asiingie darasani bila andalio la somo. Aandike shabaha yake, zana atakazotumia na hatua za somo, na mwishoni aache nafasi ya kuandika maoni yake baada ya kufundisha. Aliyekuja mikono mitupu tulimrudisha, hata kama alikuwa msemaji hodari. Tulimwambia kwamba watoto 45 wanampa dakika 40 za maisha yao, naye hana ruhusa ya kuzimwaga.

Twayasema haya kwa aibu, maana nyumbani kwetu hatukuwa na andalio lolote. Jioni tulirudi na mkoba wa madaftari ya kusahihisha. Mwanetu wa kwanza, ambaye wakati huo hajatimiza miaka mitano, alikuja kusimama kando ya meza penye taa, ameshika jongoo au kokwa ya embe, akitaka tu tutazame. Tulimwambia, "Kesho, baba." Na kesho yake tukasema vivyo hivyo. Hatukumnyima chakula wala nguo. Alibatizwa, akapelekwa shule. Lakini siku alipokuwa akiondoka kwenda shule ya bweni tulitaka kuomba pamoja naye mlangoni, tukaona hatujui tuanzeje. Tulisimama, yeye na sisi, kama wageni waliokutana kituo cha basi. Leo ni mtu mzima, anatuheshimu na kututumia fedha. Bali ya moyoni mwake twayasikia kwa watu wengine.

Kwa hiyo twawaomba ninyi mlio na watoto wadogo, ambao bado mchana kutwa wako nyumbani, mtusikilize kidogo.

Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, mstari wa 7. Musa anawaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu, naye anazitaja nyakati za kufanya hivyo. Ni nne: tunapoketi nyumbani, tunapotembea njiani, tunapolala, na tunapoondoka kitandani. Angalieni sana. Hakutaja saa mpya iongezwe juu ya kazi zetu. Alizitaja saa ambazo kila nyumba inazo tayari, ya tajiri na ya maskini. Basi kuiandaa siku ya mtoto maana yake si kuigeuza nyumba kuwa darasa. Maana yake ni kuzikusudia nyakati hizi nne, zisipite bure.

Tuanze na kuamka. Mtoto anapotoka chumbani na kusema shikamoo, mara nyingi marahaba yetu hutoka huku uso umegeukia jiko. Tuache jambo tulilo nalo, tumtazame, tumwite kwa jina lake la ubatizo. Kisha sala, nayo iwe fupi kama mtoto mwenyewe. Aseme jambo moja analomshukuru Mungu. Akishukuru kwa ajili ya kuku, tusicheke. Na kuku ni wa Bwana. Ndipo apewe kazi yake ya siku hiyo, moja tu, inayolingana na nguvu zake: kuwapa kuku maji, kuokota mayai, kupanga vikombe. Mtoto anayejua kwamba leo nyumba inamtegemea kwa jambo moja huamka kwa furaha.

Pili, kuketi nyumbani. Hapa ndipo tunapokosea zaidi, maana neno tunalomwambia mtoto mara nyingi kuliko yote ni "Toka hapa!" Mama anachambua maharage, mtoto anataka kuchambua; anafukuzwa. Baba anatengeneza mpini wa jembe, mtoto anataka kushika, anafukuzwa. Halafu afikapo miaka kumi na miwili twalalamika kwamba hapendi kazi. Nasi tuseme kweli: kazi inayofanywa pamoja na mtoto wa miaka minne huchukua muda mara mbili, na maharage mengine yatamwagika. Basi haiwezekani kila kazi. Tuchague moja kwa siku, tangu jana yake, tuseme, hii tutaifanya naye. Katika ungo mmoja wa maharage mtoto atajifunza kuhesabu, kutenga kizuri na kibovu, na kuvumilia hadi mwisho. Hakuna zana ya kufundishia tuliyopata kuiona chuoni iliyo bora kuliko huo ungo.

Wala tusiuonee mchezo. Nabii Zekaria, sura ya 8, alipoonyeshwa Yerusalemu iliyorejeshwa, aliona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Mchezo ni dalili ya amani ya Mungu. Basi mtoto apewe nafasi yake na gari lake la makopo au mdoli wake wa gunzi, na mara moja moja tukubali kuwa abiria.

Tatu, njiani. Twaenda shambani, dukani, kisimani, au kanisani Jumapili, na mtoto nyuma yetu anauliza. Kwa nini chungu wanafuatana? Ndege wanalala wapi? Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa kuonyesha ndege wa angani na maua ya kondeni, na Mithali inamtuma mvivu akajifunze kwa chungu. Kumbe swali la mtoto limetangulia mahubiri yetu! Tupunguze mwendo. Tukijua jibu tulitoe. Tusipolijua tuseme hatujui, tutazame pamoja.

Nne, kulala. Hapa pana hadithi, na wazee wetu hawakuhitaji kitabu. Mzazi asome habari ya Daudi au ya Samweli mchana, kisha usiku aisimulie kwa kinywa chake, kwa paukwa na pakawa kama apendavyo. Na hapa pana kusamehe. Mtume Paulo anawaonya Waefeso wasiliache jua lichwe wakiwa bado na hasira, na katika sura ya 6 anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Kama mchana tulimpiga au kumkemea bila haki, tumwombe radhi kabla hajalala. Wengine huogopa kwamba mtoto atatudharau. Sivyo. Mtoto aliyewahi kusikia mzazi wake akisema "Nimekosa, unisamehe" hataona ugeni siku akiisema Sala ya Bwana.

Sasa tutoe mfano wa mtu. Susanna Wesley alikuwa mke wa kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Epworth, Uingereza. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao aliwazika wangali wachanga. Fedha ilikuwa haba na madeni mengi. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto, na mwanawe John, mtoto wa miaka mitano, aliokolewa kwa kutolewa dirishani. Mama huyu hakuwa na nafasi, kama ninyi msivyo na nafasi. Lakini mwaka 1712 alimwandikia mumewe akimweleza kwamba amemtengea kila mtoto jioni yake katika juma ya kuzungumza naye peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John, Jumamosi ya Charles. Ndugu hao wawili walikuja kuwa makasisi, wakawa viongozi wa uamsho mkubwa, na tenzi za Charles zingali zikiimbwa katika makanisa yetu. Hata hivyo jambo linalotugusa sisi ni dogo zaidi. Mwaka 1732 John, akiwa tayari kasisi na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alimwandikia mama yake akimsihi ampe bado sehemu ndogo ya ile jioni ya Alhamisi. Mtu mzima analilia jioni ya utoto wake! Twajiuliza, wanetu watalilia nini?

Labda mtu atasema, mimi hutoka alfajiri kwenda kazini. Mwingine ni mjane. Mwingine ni bibi analea wajukuu watano. Nasi twawajibu: msichukue nyakati zote nne kwa mara moja. Aondokaye alfajiri achukue ile ya kulala. Haba na haba hujaza kibaba. Na akina baba wasiseme hii ni kazi ya mama. Siku ya ubatizo hakuulizwa mama peke yake. Wazazi na wasimamizi pamoja walipewa wajibu wa kumfundisha mtoto Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na Amri Kumi. Shule ya Jumapili ina saa moja tu katika juma. Haiwezi kulipa deni la siku sita.

Zamani kizuizi chetu kilikuwa madaftari. Leo mzazi ana simu mkononi, na mtoto akilia naye hupewa simu anyamaze. Simu si dhambi, kama madaftari yasivyokuwa dhambi. Lakini mtoto haoni tofauti kati ya simu na daftari. Yeye anaona kisogo.

Tulisema kwamba mwishoni mwa andalio huachwa nafasi ya maoni. Wanafunzi wetu walipenda kuandika, "Somo limeeleweka." Tuliwaheshimu zaidi wale walioandika, "Somo halikueleweka, litarudiwa." Nasi tumeona kwamba Mungu, kwa rehema zake, humruhusu mzazi kurudia somo. Krismasi iliyopita mwanetu alipokuja tulimwambia habari ya ile meza na taa na kokwa ya embe, tukamwomba msamaha. Hakujibu neno usiku ule. Asubuhi tulimkuta ametangulia kuamka, amekwisha kuchemsha chai. Akaketi nasi, akaanza kusimulia habari za kazi yake, hata chai ikapoa vikombeni.

Basi ninyi ambao mtoto wenu bado anasimama kando ya meza, msingoje miaka yetu. Leo usiku, kabla hamjalala, kubalianeni jambo moja mtakalofanya naye kesho. Hilo ndilo andalio.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, ambaye Mwanao mpendwa alikua katika nyumba ya fundi seremala kule Nazareti, uzitazame nyumba zetu. Utupe macho ya kuwaona watoto wetu wangali wadogo, na subira ya kutembea kwa mwendo wao. Na sisi tuliochelewa utupe neema ya kurudia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.